Kutafiti historia na picha za gemu za zamani ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, simu yangu haipoi. Maswali ni yaleyale. Gemu ni mada ya utafiti kweli? Mashine za zamani nitazipata wapi huku kusini? Lazima niende Dar? Lazima nijue kuandika programu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Majibu ya haraka ni haya: ndiyo, kwa mafundi na kwenye stoo za watu, hapana, na hapana tena.

Nimekuandikia wewe unayesoma shahada ya kwanza au ya umahiri katika historia, sanaa, mawasiliano au elimu, uko Mtwara Mjini, Lindi, Masasi au Newala, na mfuko wako ni wa nauli ya bodaboda tu. Hatua zote hapa chini zimesimama juu ya shauri moja: anza na picha moja ambayo watu wa huku waliiona kwa macho yao. Historia ya gemu duniani imekwishaandikwa na watu wenye maktaba kubwa kuliko yako. Ya Chikongola, Mikindani na Nachingwea bado haijapata mwandishi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yoyote inayowaka. Gemu za miaka ya 1970 na 1980 ni nyepesi mno. Super Mario Bros. ya 1985 nzima, na muziki wake, ina kilobaiti 40 tu. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp ni nzito kuliko hiyo.
- Simu ambayo kamera yake inakuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata. Simu nyingi huiita hali ya "Pro".
- Rula ya sentimita, kitambaa cheusi, pamba za masikio na spiriti safi kutoka duka la dawa.
- Flashi mbili. Si moja.
- Daftari la karatasi. Umeme ukikatika, daftari halizimi.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni.
- Fundi wa TV mwenye subira. Huyu ndiye muhimu kuliko vyote, na ndiye ambaye wengi humsahau.

TV ya chogo ukiipata, vizuri. Ukiikosa, endelea tu, nitakuonyesha pa kupita.

Hatua ya 1: Kata swali mpaka litoshe picha moja

"Historia ya vidiogemu na athari zake kwa jamii" si swali, ni kabati zima. Msimamizi atakurudishia, na atakuwa na haki. Jaribu hivi badala yake: "Stika za kaseti za gemu zilizouzwa Mtwara ziliahidi picha gani, na skrini ilionyesha nini?" Au: "Wachezaji wa Lindi walizipa gemu majina gani, na majina hayo yanasema nini juu ya walichokiona?" Au hata dogo kabisa: "Kwa nini mashujaa wa gemu fulani wana kofia?" Usicheke. Hilo la kofia lina jibu zito, tutalifikia.

Kipimo changu ni rahisi. Kama huwezi kuweka picha moja mezani ukasema "naizungumzia hii", swali bado ni kubwa.

Hatua ya 2: Chora kalenda mbili

Gawa ukurasa wa daftari katikati kwa mstari. Upande wa kushoto andika dunia. Mwaka 1958 William Higinbotham alionyesha mchezo wa tenisi kwenye kioo cha osiloskopu, kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme, katika maabara ya Brookhaven, Marekani. Mwaka 1962 wanafunzi wa MIT walikuwa na Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Mwaka 1972 zilitoka mbili kwa mpigo: Magnavox Odyssey iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, na Pong ya Atari. Halafu Space Invaders mwaka 1978, Pac-Man 1980, Donkey Kong 1981, na Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea kwenye TV, huko Japani mwaka 1983.

Upande wa kulia andika kwetu. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi 1994 kupata kituo cha kwanza. Waliokuwa na seti kabla ya hapo waliangalia kanda za video. Huku kusini ongeza mambo mawili: daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake mzigo wa kutoka Dar kwa barabara ulisubiri kivuko cha Ndundu, na umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulikuja miaka ya 2000, kabla ya hapo mji wa Mtwara ulitegemea jenereta za dizeli.

Sasa tazama pande hizo mbili kwa pamoja. Gemu ambayo Japani ilikuwa ya "awali" mwaka 1983 inaweza kuwa iliwashwa Mtwara kwa mara ya kwanza miaka ishirini baadaye, kwenye mashine ya nakala kutoka Asia, katika nyumba iliyonunua TV baada ya korosho kulipa. Pengo hilo ndilo utafiti wako. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mwanafunzi kuandika kurasa thelathini za upande wa kushoto na aya mbili za upande wa kulia. Geuza.

Hatua ya 3: Malizana na karatasi mapema

Barua ya chuo inakwenda ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mwisho kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Beba nakala za kutosha, kila meza itabaki na moja. Usiruke ngazi ya mwisho kwa sababu una muhuri wa ngazi ya juu. Mwenyekiti ndiye anayejua nyumba ipi ilikuwa na TV ya kwanza mtaani.

Kwenye barua eleza kazi yako kwa maneno ya kawaida. "Historia ya michezo ya televisheni na picha zake" inapita vizuri kuliko neno lolote la kitaalamu. Ukiandika "gemu" peke yake, kuna maofisa watakaodhani unatafiti kamari za mashine za sarafu, na utapoteza asubuhi nzima ukijitetea.

Hatua ya 4: Tafuta chombo

Nenda kwa mafundi wa redio na TV kabla ya kwenda mtandaoni. Salimia, kaa, acha amalize alichonacho mkononi. Kisha sema ukweli: "Shikamoo fundi. Natafuta mashine za TV gemu za zamani, hata mbovu. Si za kucheza, ni za kusomea." Neno "hata mbovu" hufungua maboksi.

Utakachokipata zaidi ni nakala za Famicom zisizo na leseni, za majina ya kila aina, pamoja na kaseti za njano au za rangi nyingine zilizoandikwa kuwa zina mamia au maelfu ya gemu ndani. Hesabu pini za kaseti: Famicom na nakala zake hutumia 60, wakati mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya ilitumia 72. Hesabu hiyo peke yake inakuambia mashine imetoka upande gani wa dunia.

Usizidharau zile gemu ndogo za mkononi za matofali, zenye kioo cha nguzo 10 kwa safu 20. Tetris ya Alexey Pajitnov ilizaliwa Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora chochote, matofali yake yakiwa alama za mabano. Kichezeo cha mkononi kilichotokana nayo kilihitaji betri tu. Kwa kijiji kisicho na umeme wala TV, hicho ndicho kilichokuwa vidiogemu. Wanafunzi hukiruka kwa sababu "si gemu kamili". Kwangu mimi ni chanzo kizuri kuliko mashine nyingi za kwenye TV.

Tahadhari, na hapa sitanii:

Usiichomeke mashine uliyoikuta stoo kwenye umeme siku hiyohiyo. Soma lebo ya chini: volti ngapi, na katikati ya plagi ni chanya au hasi. Mashine hizi hazifanani, na adapta isiyo yake huiua kwa sekunde moja.

Usifungue TV ya chogo. Hata ikiwa imechomolewa, ndani hubaki umeme wa kutosha kukuua. Hiyo ni kazi ya fundi.

Usipulizie kaseti. Najua sote tulipulizia. Unyevu wa mdomo huleta kutu kwenye pini, na huku pwani chumvi ya hewani imeshafanya nusu ya kazi hiyo. Tumia pamba na spiriti, kisha acha ikauke.

Kabla hujafuta vumbi wala kubandua chochote, piga picha pande zote, rula ikiwa pembeni. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu nyuma ya kaseti ni ushahidi. Bei iliyoandikwa na muuza duka ni ushahidi. Mwaka fulani nilisafisha mashine ikang'aa kama mpya, halafu nikagundua nimefuta bei ya duka. Hadi leo inaniuma.

Hatua ya 5: Isome picha

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama umewahi kumtazama bibi anasuka mkeka, tayari unaelewa nusu ya jambo hili. Msusi wa ukili hana mstari wa mviringo. Ana miraba tu, ya rangi chache alizochovya, na ua lolote analotaka lazima lipite kwenye miraba hiyo. Mchoraji wa gemu za zamani alikuwa na mkeka wake. Kwenye Famicom skrini ni pikseli, yaani vidoti vya picha, 256 kwa 240, imegawanywa vigae vya 8 kwa 8. Umbo linalotembea, ambalo wenyewe huliita spraiti, lina rangi tatu na sehemu moja ya uwazi. Na katika mstari mmoja wa skrini hayawezi kukaa zaidi ya maumbo nane kwa wakati mmoja.

Chukua picha moja ya skrini, ikuze, ichapishe steshenari kwa ukubwa wa A4, kisha uchore gridi ya vigae juu yake kwa penseli. Ndiyo, kwa mkono. Kompyuta inaweza kukufanyia, lakini jicho halitajifunza. Halafu jibu maswali matatu kwa utaratibu huu, bila kuruka:

a) Ninaona nini? Taja umbo, rangi, ukubwa kwa pikseli. Usifasiri bado.

b) Mashine iliruhusu nini na ilikataza nini?

c) Ndani ya ruhusa hiyo, mchoraji alichagua nini?

Wengi huruka swali la pili na kuanza kuandika falsafa. Tazama linavyofanya kazi. Mtu wa Donkey Kong, ambaye baadaye aliitwa Mario, ana kofia na masharubu. Shigeru Miyamoto, aliyemchora, amekwishaeleza sababu: kwenye pikseli chache vile nywele ni taabu kuzichora, hasa mtu anaporuka, kofia ikamaliza shida, mdomo haukuonekana, masharubu yakaonyesha pua inaishia wapi. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kurasa tano juu ya masharubu na uanaume. Anayejua ataandika jambo bora zaidi: namna shida ya mashine ilivyogeuka kuwa sura inayotambulika dunia nzima.

Mfano mwingine. Katika Super Mario Bros. kichaka cha chini na wingu la juu ni umbo lilelile, rangi tu ndiyo imebadilishwa. Muulize mchezaji yeyote wa zamani kama aliwahi kugundua. Jibu lake, na mshangao wake, viandike.

Na rangi nyingine hazikuwamo kwenye mashine kabisa. Space Invaders ya kwanza, mashine ya kabati ya kuchezea kwa sarafu, ilitoa picha nyeusi na nyeupe; rangi zilitokana na vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa juu ya kioo. Odyssey ya 1972 ilitoa vidoti na mstari tu, ikaja na karatasi kubwa za plastiki zilizochorwa, ambazo mchezaji alizibandika kwenye kioo cha TV yake. Kwa hiyo usiulize tu "skrini ilionyesha nini". Uliza pia kilichobandikwa juu yake, kilichochorwa ubavuni mwa kabati na kwenye stika ya kaseti.

Stika ndiyo hazina ya mtafiti wa huku. Kwenye kaseti za nakala utakuta askari aliyechukuliwa kutoka bango la filamu, gari la mbio la miaka ya 1990 na mhusika wa katuni, vyote juu ya gemu ambayo ndani yake hakuna hata kimoja. Fanya jedwali la safu mbili, upande mmoja stika iliahidi nini, mwingine skrini ilitoa nini. Nimeona tasnifu nzuri iliyosimama juu ya jedwali kama hilo tu.

Hatua ya 6: Piga picha za skrini zinazoweza kutumika

Kwa TV ya chogo: zima taa, funika dirisha kwa kitambaa cheusi ili usijipige mwenyewe kwenye kioo, egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, weka kasi ya shata 1/25 au 1/50. TV zetu za PAL, mfumo wa picha unaotumika kwetu, huchora picha mara 50 kwa sekunde. Ukiacha simu ichague yenyewe, utapata michirizi myeusi ikipita katikati. Piga kumi, chagua mbili.

Kwa kompyuta: tumia emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani. Stella ni ya Atari 2600, Mesen na FCEUX ni za Famicom, MAME ni ya mashine za kabati za sarafu. Zote ni bure. Mesen na FCEUX zina dirisha linalokuonyesha vigae vyote vya picha vilivyomo ndani ya gemu, na hilo litakuokolea wiki nzima ya hatua ya 5. Hifadhi kwa PNG, usitumie JPEG, kwa sababu JPEG huvuruga kingo za pikseli. Zima vichujio vyote vya kulainisha picha.

Faili za gemu zenyewe zina wenyewe kisheria. Usizichome kwenye CD ya tasnifu, usizigawe kwa wenzako darasani. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina gemu nyingi za zamani zinazochezeka ndani ya kivinjari, na kwa kazi ya kutazama na kupiga picha inatosha. Picha za skrini zitumie kwa kiasi kinachohitajika katika hoja yako, na utaje gemu, kampuni na mwaka.

Jina la kila faili liwe na tarehe, mahali, chombo na namba. "IMG_4471" halitakusaidia mwezi wa sita.

Hatua ya 7: Wasikilize waliocheza

Wengi wao sasa ni watu wazima wenye watoto. Usianze na hojaji. Anza na swali moja lililo wazi: "Kaka, mara ya kwanza kuona gemu kwenye TV ilikuwa kwa nani?" Utapata nyumba, mtaa, aliyeleta mashine kutoka Kariakoo, jenereta la nani, mama gani aliyefukuza watoto sebuleni. Ndipo uulize walichokiona kwenye kioo.

Picha zako usizitoe mapema. Ukimwonyesha mtu picha ya gemu ya Contra dakika ya kwanza, kila kitu atakachokumbuka kitakuwa Contra. Mwache kwanza aieleze kwa maneno yake, ikiwezekana achore kwenye daftari. Michoro hiyo ni data, ihifadhi.

Majina ya gemu yaandike kama yalivyotamkwa. Kaseti nyingi hazikuwa na jina linalosomeka, au lilikuwa la lugha isiyojulikana nyumbani, kwa hiyo watu walizibatiza kwa picha: la vifaru, la bata, la matofali, la mtu wa uyoga. Baadaye ndipo utafute kwamba vifaru huenda ni Battle City ya Namco ya 1985 na bata ni Duck Hunt ya Nintendo ya 1984. Usisahihishe jina la mtu mbele yake. Jina alilolitunga ndilo usomaji wa kwanza wa picha hiyo uliofanyika Mtwara, na umemtangulia msimamizi wako kwa miaka mingi.

Waulize pia wanawake. Wanafunzi huniletea mahojiano kumi na mawili ya wanaume kumi na mawili, halafu wanaandika "wasichana hawakucheza". Hukuwauliza. Aliyekaa nyuma akitazama kaka zake wanacheza aliona picha ileile, na mara nyingi anakumbuka vizuri kuliko aliyeshika pedi.

Pata ridhaa kabla ya kurekodi, ya maandishi au ya sauti. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina halisi na namba za simu zisikae kwenye flashi ileile yenye mahojiano. Ukitaka kuzungumza na mtoto, mzazi akubali kwanza.

Hatua ya 8: Maandishi, na hadithi za kutiliwa shaka

Hataza za Marekani, yaani hati za kulinda uvumbuzi, zinasomeka bure mtandaoni. Ile ya Ralph Baer, namba 3,728,480 ya 1973, ina michoro unayoweza kuitazama kwa kikombe kimoja cha chai. Jarida la Game Studies lipo tangu 2001 na halidai malipo. Internet Archive ina magazeti ya kompyuta ya enzi hizo yaliyoskaniwa. Pakua usiku bando likiwa nafuu.

Lakini historia ya gemu imejaa ngano. Mfano mashuhuri: Pac-Man ilitokana na piza iliyokatwa kipande. Toru Iwatani, aliyeibuni, mwenyewe alikuja kusema hiyo ni nusu ya ukweli, kwani alikuwa pia amelifanya la mviringo umbo la herufi ya Kijapani ya "mdomo", ambayo ni mraba. Mfano mwingine: mamilioni ya kaseti za gemu ya E.T. ya Atari yamefukiwa jangwani Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 palichimbwa kweli, na zikatoka takriban 1,300, nyingi zikiwa za gemu nyingine kabisa. Ukikutana na kisa kitamu kupita kiasi, tafuta nani alikisema kwanza na mwaka gani. Ukikosa, andika "husimuliwa kwamba" na uendelee na safari.

Hatua ya 9: Andika kutoka kwenye picha

Kila picha iwe na maelezo haya chini yake: jina la gemu, jina la mtaani, kampuni na mwaka, chombo kilichotumika, TV au emuleta, mahali, tarehe. Kisha kila aya ya uchambuzi ianze na kitu kinachoonekana pichani. Aya isiyoelekeza jicho la msomaji popote, ifute. Ukifanya hivyo, sura ya nadharia itajiandika fupi, na msimamizi atakushukuru kimoyomoyo.

Ukikwama

*Picha inakuja nyeusi na nyeupe, au inapanda na kushuka.* Mashine na TV hazisemi lugha moja. Moja ni PAL, nyingine NTSC, mfumo wa Japani na Marekani. Ingia kwenye mipangilio ya TV ubadilishe mfumo wa rangi, kwenye TV nyingi za zamani upo chini ya neno "system". Kama mashine inatumia waya wa antena, tafuta chaneli taratibu, usiruke.

*Maumbo yanawaka na kuzimika.* Si ubovu. Yamezidi manane kwenye mstari mmoja, au ni Atari 2600 inayochora mizimu ya Pac-Man kwa zamu. Mashine hiyo ya 1977 ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kuwaka huko ni sehemu ya picha, eleza, usifiche.

*Bunduki ya gemu la bata haipigi.* Unatumia TV bapa. Bunduki ile husubiri kioo kiwe cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu mraba mweupe utokee pale alipo bata, na inategemea namna TV ya chogo inavyochora mstari kwa mstari. Kwenye bapa haitapiga hata ukisogea hadi kwenye kioo. Usiandike kwamba imekufa.

*Rangi za emuleta hazifanani na za kwenye TV.* Na hazitafanana. Famicom haitoi orodha ya rangi bali ishara ya umeme ambayo kila TV huitafsiri kwa namna yake. Andika ulitumia jedwali gani la rangi kwenye emuleta, na usidai kuwa bluu fulani ndiyo "halisi".

*Mzungumzaji anachanganya na PlayStation.* Inatokea sana, kwa kuwa mabanda mengi yaliyofuata yalikuwa ya PlayStation. Uliza: ilikuwa kaseti au CD? Pedi ilikuwa na vitufe vingapi? Majibu mawili hayo yanatosha.

*Msimamizi anasema gemu si taaluma.* Usibishane, mpelekee mifano. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilianza mwaka 2012 kwa kuingiza gemu 14 kwenye mkusanyiko wake, Pac-Man na Tetris zikiwamo. Rochester, katika jimbo lilelile, kuna The Strong, makumbusho ya taifa ya michezo yenye hazina kubwa ya gemu. Halafu muulize kwa heshima yeye alicheza nini utotoni. Wawili kati ya walionikatalia walimaliza kikao wakinichorea gemu.

*Umefika kwa fundi, mashine imeshauzwa chuma chakavu.* Hii imenikuta Masasi. Usiondoke. Muulize kama kimebaki chochote: pedi, kaseti, adapta, hata boksi tupu alilowekea skrubu. Boksi lina mchoro pande nne na maandishi ya kiwanda chini. Mwombe akupe au akuruhusu upige picha, mnunulie skrubu mahali pengine pa kukaa, na rudi hatua ya 4 kwenye rula.